Baba wa Taifa Aliyeulizwa Kwao ni Wapi

Kwenye picha za zamani mtamwona mzee mmoja mwenye nywele zilizosimama wima juu ya paji la uso, mkononi kashika leso nyeupe. Huyo ndiye Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Hata mtoto asiyejua Zambia iko wapi huenda amelisikia jina lake kwa fundi cherehani, maana ile suti ya mikono mifupi iliyopendwa na wakuu wa wilaya tunaiita kaunda suti mpaka leo. Kaunda aliipokea nchi siku ya uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964, akaiongoza miaka 27. Alikuwa rafiki mkubwa wa Mwalimu Nyerere. Reli ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, waliihangaikia pamoja, wakasaidiwa na Wachina.

Sasa kaeni vizuri. Mzee huyuhuyu, mwaka 1996, alizuiwa kugombea urais wa Zambia kwa sababu wazazi wake hawakuhesabiwa kuwa Wazambia. Na mwaka 1999 jaji mmoja katika mji wa Ndola akaamua kwamba Kaunda hana uraia wa Zambia, wala wa nchi nyingine yoyote. Kwa lugha nyepesi, mtu aliyeongoza nchi miaka 27 aliambiwa kwamba duniani hapa hana nchi.

Najua mnataka kuuliza iliwezekanaje. Nitawaambia, ila kwanza tuelewe nchi huwa zinauliza nini zinapoitisha uchaguzi.

Huuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: wewe ni wetu? Hilo ni swali la uraia. La pili: unaishi hapa, na tangu lini? Hilo ni swali la ukaazi. Watu wengi huyachanganya, na hata wakubwa wenu wakibishana kijiweni utawasikia wakiyachanganya. Angalieni mpira. Mchezaji kutoka Ghana au Kongo anaweza kuvaa jezi ya Simba au Yanga, akafunga mabao, akaimbwa Kariakoo nzima. Lakini siku Taifa Stars inaposhuka uwanjani, yeye hukaa jukwaani, au anakuwa safarini kwenda kuchezea kwao. Klabu inatazama unafanya kazi wapi, timu ya taifa inatazama wewe ni raia wa wapi. Katika uchaguzi maswali yote mawili yapo, na ugumu wake hupanda kadiri kiti kinavyopanda.

Kwetu Tanzania, Katiba ya mwaka 1977 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Anayetaka ubunge awe raia, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake. Akiwa amejichukulia uraia wa nchi nyingine, ubunge asahau. Ukifika kwa rais, masharti yanakaza zaidi: miaka 40, na tena awe raia wa kuzaliwa. Kuwa raia peke yake hakutoshi.

Kumbe raia wako wa aina mbalimbali? Ndiyo. Sheria yetu inamtambua raia wa kuzaliwa. Inamtambua raia wa kurithi, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi. Na inamtambua raia wa tajinisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akakubaliwa.

Hiyo aina ya tatu ina hadithi yake nzuri, tena ya hapahapa kwetu. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji huko Burundi wakaingia Tanzania. Wakapewa maeneo ya kukaa: Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa, wakapata wajukuu. Waliishi hapa zaidi ya miaka 30 wakiona majirani zao wanapanga foleni siku ya kura, wao wanaendelea na kupalilia. Kwenye swali la ukaazi walikuwa na majibu tele, kwenye lile la uraia hawakuwa na la kusema. Baadaye serikali ikawafungulia njia ya tajinisi. Walikubaliwa zaidi ya 160,000, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mwaka uliofuata kukawa na uchaguzi mkuu, na yule aliyeingia nchini akiwa msichana mdogo amebebeshwa kifurushi kichwani angeweza, akiwa bibi mwenye cheti, kujiandikisha na kupiga kura kama jirani yake. Urais ni mlango uliobaki umefungwa kwa waliotajinisiwa, kwani wao si raia wa kuzaliwa. Kwa watoto wanaozaliwa Katumba sasa, wazazi wakiwa tayari ni raia, mlango huo uko wazi.

Haya, turudi kwa mzee mwenye leso.

Baba yake Kaunda aliitwa David. Alikuwa mwalimu na mhubiri, akatoka Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi, mwanzoni mwa karne ya 20, kwenda kueneza Injili na kufundisha shule upande wa Chinsali, ambako leo ni Zambia. Mama yake, Helen, naye alikuwa mwalimu aliyetoka Nyasaland. Kenneth alizaliwa hapo Chinsali, katika misheni ya Lubwa, tarehe 28 Aprili 1924. Alipokuwa na umri wa miaka minane, baba akafariki. Huo ulikuwa mwaka 1932.

Hesabuni wenyewe. Malawi ilipata uhuru Julai 1964 na Zambia Oktoba 1964. Mzee David alifariki miaka 32 kabla nchi yoyote kati ya hizo mbili haijazaliwa. Alipovuka kwenda Chinsali hakuvuka mpaka wa Zambia, maana Zambia haikuwepo. Alitoka eneo moja lililotawaliwa na Waingereza akaingia jingine lililotawaliwa na Waingereza haohao. Hakuwahi kuwa Mzambia, na hakuwahi kuwa Mmalawi. Mtu wa kumuuliza pasipoti yake angekuwa anamuuliza kitu ambacho hakijachapishwa.

Baada ya kukubali vyama vingi, Kaunda alishindwa uchaguzi wa mwaka 1991, akakabidhi Ikulu kwa Frederick Chiluba. Alikabidhi kwa amani, jambo ambalo halikuwa la kawaida sana barani siku zile, na watu wakamsifu. Yangeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi na tamu. Lakini miaka michache baadaye Kaunda akarudi kukiongoza chama chake cha UNIP, akasema anataka kugombea tena.

Ndipo Katiba ikabadilishwa, mwaka 1996. Kifungu kipya kikasema anayegombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kikaongezwa kingine, kwamba aliyewahi kuchaguliwa mara mbili asirudi. Na kingine tena, kwamba machifu wasigombee mpaka waache uchifu. Makamu wa Kaunda katika UNIP alikuwa nani? Chifu Inyambo Yeta. Sheria huandikwa kana kwamba ni ya watu wote, lakini ukiisoma polepole mara nyingine unaona kipimo cha mwili wa mtu mmoja, kama nguo iliyoshonwa kwa fundi. UNIP wakasusia uchaguzi wa Novemba 1996, na Chiluba akashinda.

Msidhani ni Kaunda peke yake aliyeguswa. Kabla ya hapo wanachama wawili mashuhuri wa UNIP, William Banda na John Chinula, walichukuliwa wakapelekwa Malawi kwa nguvu, wakiambiwa kwao ni huko. Mahakama ya Malawi ikasema Banda si Mmalawi. Fikirieni mtu mzima anarushwa kutoka nchi hii kwenda ile, na zote mbili zinasema si wake. Kesi ikafika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 1999 iliamua kwamba Zambia iliwavunjia haki zao. Chinula alikuwa ameshafia Malawi. Moja ya maagizo ya Tume lilikuwa familia yake iruhusiwe kuurudisha mwili wake Zambia ukazikwe.

Ila kamba ya kumfunga jirani mara nyingine humrudia aliyeisuka. Baada ya uchaguzi, wapinzani wa Chiluba walikwenda mahakamani wakadai kwamba hata baba yake Chiluba mwenyewe hakuwa Mzambia! Mahakama ya Juu ikaitupa kesi hiyo mwaka 1998. Lakini mnaona tatizo. Kabla ya Oktoba 1964 hapakuwa na Mzambia hata mmoja. Ukianza kuuliza baba wa mtu alizaliwa Mzambia au la, wengi wa kizazi kile wangejibu nini?

Kaunda alikata rufaa dhidi ya hukumu ya Ndola, na uraia wake ukatambuliwa tena. Aliacha siasa. Mwaka 2016 Zambia ilibadilisha Katiba, sharti la wazazi likaondolewa. Mgombea urais sasa anatakiwa yeye mwenyewe awe raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, na awe mkaazi wa Zambia. Kaunda alifariki tarehe 17 Juni 2021, ana miaka 97.

Mimi sisemi kwamba kuuliza uraia ni vibaya. Nchi inayomkabidhi mtu jeshi lake na hazina yake ina haki ya kujua moyo wake uko wapi, na uraia ndio kipimo tulicho nacho, hata kama ni kipimo hafifu. Ninachowaomba mkitazame ni saa ya kuuliza. Kaunda hakuulizwa baba yake ni nani alipokuwa akifungwa jela na wakoloni, wala alipokuwa rais miaka 27. Aliulizwa alipotaka kurudi.

Na msije mkadhani hayo ni ya Zambia tu. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kwamba watu wanne waliojulikana sana hawakuwa raia wa Tanzania. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu. Alikuwa amewahi kuwa mkuu wa wilaya. Alikuwa amewahi kuwa mbunge, yaani aliingia kwenye kiti ambacho Katiba inasema ni cha raia tu. Na wakati huo gazeti alilohusika nalo, Rai, lilikuwa likiikosoa serikali. Shida ilikuwa ileile ya wazazi. Sheria ya uraia ya wakati wa uhuru ilisema aliyezaliwa Tanganyika anakuwa raia siku ya tarehe 9 Desemba 1961 iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mwenye wazazi waliozaliwa nje alitakiwa ajiandikishe. Ni wangapi, mwaka 1961, kule Ngara, Kigoma au Kyela, walijua bibi yao alijifungua upande gani wa mto? Ulimwengu aliomba uraia wa tajinisi, akapewa.

Watu wa Ivory Coast yaliwafika makubwa zaidi. Alassane Ouattara alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo kuanzia 1990 hadi 1993, kisha akazuiwa kugombea urais mwaka 2000 kwa hoja ya asili ya wazazi wake. Watu wengi wa kaskazini, wenye majina yanayofanana na yake, wakajiona nao wameambiwa si wa nchi. Mwaka 2002 vita vikaanza, na manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa kuni zake. Ouattara alikuja kuwa rais baada ya uchaguzi wa 2010. Halafu mwaka 2025, yeye akiwa bado Ikulu, mpinzani wake Tidjane Thiam akaondolewa kwenye orodha ya wapiga kura kwa sababu aliwahi kuchukua uraia wa Ufaransa. Mnaona mambo.

Baada ya vita, niwape kisa cha kuchekesha kidogo. Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika mwaka 1901, inamkataza mwenye uraia wa nchi nyingine kukaa bungeni. Kwa miaka mingi wachache tu ndio waliolifikiria sana jambo hilo. Mwaka 2017 ikagundulika kwamba seneta Scott Ludlam, aliyezaliwa New Zealand, bado alihesabiwa raia wa huko. Akajiuzulu. Mwenzake wa chama kimoja, Larissa Waters, akashtuka akaenda kuangalia karatasi zake. Alizaliwa Kanada, wazazi wake Waaustralia wakaondoka naye akiwa mtoto wa miezi 11. Kumbe Kanada ilikuwa bado inamhesabu! Naye akajiuzulu. Wabunge wengine wakaanza kuwapigia simu mama zao kuuliza babu alizaliwa wapi. Nakisia tu, lakini sidhani nakosea. Ikamfikia hata naibu waziri mkuu, Barnaby Joyce. Yeye alizaliwa Australia kabisa, ila baba yake alizaliwa New Zealand, na sheria ya New Zealand ilimhesabu mtoto kuwa wake. Tarehe 27 Oktoba 2017 mahakama kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba yeye na wenzake wanne, Ludlam na Waters wakiwemo, hawakustahili kuchaguliwa. Joyce, akiwa ameshaukana uraia asiouomba, akagombea upya kwenye jimbo lake, na Desemba akashinda. Waters alirudi kwenye Seneti mwaka 2018.

Sheria ile ni kali, na wengine huiona ya kijinga. Lakini ilimpata wa chama tawala na wa upinzani, mdogo na mkubwa. Nikilazimika kuchagua, bora hiyo kuliko nguo ya mtu mmoja.

Tumebaki na swali la pili, la ukaazi. Hili halina makelele mengi, ila linagusa watu wa kawaida zaidi.

Nendeni Zanzibar. Anayetaka kumchagua Rais wa Zanzibar na Wawakilishi lazima awe Mzanzibari, na awe ameishi kwenye jimbo lake miezi 36 mfululizo. Zamani ilikuwa miaka mitano. Lengo lake linaeleweka: visiwa ni vidogo, majimbo ni madogo, na kuhamisha watu majahazi mawili usiku wa kuamkia uchaguzi kungeweza kugeuza matokeo. Tatizo ni nani anayethibitisha kwamba umekaa hiyo miezi 36. Hapo ndipo sheha anapoingia, yule kiongozi wa shehia anayewajua watu wake. Sheha akisema simjui huyu, kijana ana kazi ya kufanya. Malalamiko kuhusu masheha na vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi yamesikika uchaguzi baada ya uchaguzi.

Mtu wa Tanga aliyehamia Unguja kuuza nguo anaweza kupiga kura ya Rais wa Muungano hukohuko Unguja, lakini karatasi ya Rais wa Zanzibar hapewi. Na Mpemba mwenye duka Dar es Salaam anamchagua mbunge wa Dar es Salaam na Rais wa Muungano, ila Rais wa Zanzibar atamsikia redioni.

Tanzania Bara, uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa nao unataka ukaazi: uwe mkazi wa hapohapo, ujiandikishe kwenye orodha ya hapohapo. Mwaka 2024 wengi walichanganya orodha hiyo na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, wakadhani wakiwa kwenye moja wako kwenye zote mbili. Ni vitabu viwili tofauti. Waambieni kaka zenu.

Na aliyekwenda mbali zaidi, nje ya nchi kabisa? Wakenya walifungua njia mwaka 2013 kwa waliokuwa katika nchi za Afrika Mashariki. Kufikia Agosti 2022 Wakenya waliojiandikisha walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu. Mtanzania aliye nje, mpaka uchaguzi wa 2025, hakuwa na kituo cha kupigia kura huko aliko.

Sasa chukueni jengo moja la ghorofa mjini London. Ghorofa ya kwanza anaishi Mtanzania, ya pili Mkenya, ya tatu Mfaransa, wote kihalali. Uchaguzi wa Bunge la Uingereza ukifika, nani anapiga kura? Mtanzania na Mkenya! Sheria ya Uingereza inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko, kwa sababu ya historia ya dola yao ya zamani. Mfaransa, ambaye kwao ni ng'ambo tu ya mlango wa bahari, haruhusiwi. Mtanzania basi atamchagua mbunge wa Uingereza wakati kumchagua rais wa kwao hawezi. Mkenya atapiga huku na huku, ingawa kura yake ya Kenya ni ya rais peke yake. Gavana na mbunge wa kwao huchaguliwa na waliobaki nyumbani, na nadhani hapo Wakenya wamefanya sawa, maana hao ndio watakaokanyaga matope barabara isipotengenezwa.